Kangaga-Mti (Cyathea manniana) na Makazi Yake ya Asili katika Misitu ya Bonde la Ufa la Magharibi: Ikolojia, Istilahi na Sera

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kangaga-mti, spishi ya Cyathea manniana, pamoja na makazi yake ya asili katika misitu ya milimani ya Bonde la Ufa la Magharibi, hususani Nyungwe nchini Rwanda, Kibira nchini Burundi na Bwindi nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba mmea huu hupita katika awamu mbili za maisha zinazojitegemea, ilhali sheria na mipango ya uhifadhi huelekezwa zaidi kwenye awamu moja: ile ya shina lililosimama. Awamu ya pili, inayopita juu ya udongo mbichi wa kingo za vijito, huachwa bila kinga mahususi. Vilevile, makala yanaonesha kwamba neno moja la Kiswahili, “kangaga”, hubeba mimea yenye tabia zinazokinzana, na kwamba mkanganyiko huo unaweza kuathiri maelekezo ya kiutendaji msituni. Mwisho, yanatolewa mapendekezo matano kwa watafiti na washauri wa sera.

Istilahi muhimu: kangaga-mti, spora, gametofiti, korongo, ukanda wa hifadhi, Bonde la Ufa la Magharibi

1.0 Utangulizi

Mtu anayeshuka katika makorongo membamba ya msitu wa Nyungwe hukutana na mmea ambao, kwa mbali, hufanana na mnazi mchanga uliopotea njia. Shina lake ni jembamba na limenyooka. Kileleni hukaa taji la majani marefu yaliyochanwachanwa mithili ya makuti. Hata hivyo, mmea huo hauna uhusiano wa karibu na mnazi. Hauchanui maua, hauzai tunda wala mbegu. Ni kangaga lililofikia kimo cha mti.

Katika uainishaji wa kisayansi, mmea huu hujulikana kwa jina la Cyathea manniana, na wataalamu wengine huuweka katika jenasi ya Alsophila kwa jina la Alsophila manniana. Sehemu ya pili ya jina humuenzi Gustav Mann, mkusanyaji wa mimea mzaliwa wa Ujerumani aliyetumwa na Bustani ya Kew ya Uingereza kukusanya vielelezo katika visiwa vya Ghuba ya Guinea na milima ya Kameruni kati ya mwaka 1859 na 1863. Pamoja na kupewa jina kutokana na vielelezo vya Afrika Magharibi, spishi hii imeenea kuanzia huko hadi Afrika Mashariki, na kusini hufika Msumbiji na Zimbabwe. Familia yake, Cyatheaceae, ni kongwe mno: masalia yake ya kale huanzia enzi za Jurasiki, kabla mimea ya maua haijatawala nchi kavu.

Ukale huo haumaanishi uimara usio na masharti. Makala haya yanachunguza masharti yenyewe: ni mahali gani mmea huu huweza kuzaliwa, ni mambo gani hukatisha uzao wake, na ni kwa kiwango gani sheria zilizopo katika nchi jirani huyafikia mambo hayo.

2.0 Maumbile ya Kangaga-Mti

Kangaga-mti lililokomaa huweza kufikia kimo cha mita kadhaa, na mengine hukaribia mita 10. Majani yake huwa na urefu wa mita mbili au zaidi. Jani changa hutoka kileleni likiwa limejikunja kama gamba la konokono, kisha hujikunjua polepole. Vikonyo vya majani vina miiba mikali, na hiyo ndiyo alama ambayo wapita msituni huikumbuka zaidi, kwani anayeshika shina hili ili asiteleze kwenye mteremko huumia mkono.

Jambo lenye uzito kwa mjadala wa sera ni muundo wa shina. Shina la kangaga-mti halina tishu ya kulinenepesha kama ilivyo kwa mvule au mpodo. Haliongezi mbao mwaka hadi mwaka, wala halina duara za umri zinazoweza kuhesabiwa. Uimara wake hutokana kwa kiasi kikubwa na mizizi mingi myembamba inayoota kutoka kwenye shina lenyewe, ikashuka na kusukana hadi kuwa joho gumu kuzunguka sehemu ya chini. Joho hilo hushika maji kama sifongo, na juu yake huota mimea mingine: kuvumwani, makangaga madogo na okidi.

Matokeo ya muundo huo ni mawili. Kwanza, shina la kangaga-mti hukua kutoka kwenye kichipukizi kilichoko kileleni. Kikikatwa, shina hilo haliendelei kurefuka. Pili, kwa sababu umri hauwezi kusomwa ndani ya shina, mtafiti hawezi kukadiria umri wa kundi la mimea kwa kupima unene. Msitu wenye mashina mengi marefu unaweza kuonekana una afya njema, kumbe haujapata mmea mchanga kwa muda mrefu.

3.0 Awamu Mbili za Maisha

Chini ya majani ya kangaga-mti hupangika vifuko vidogo vya mviringo, kila kimoja kikiwa kimewekwa kwenye kikombe chembamba. Humo hutengenezwa spora. Spora ni nyepesi kama vumbi. Upepo huzichukua mbali, ng’ambo ya mabonde na mipaka. Kwa hiyo usambazaji si tatizo kubwa la spishi hii. Tatizo huanza spora inapotua.

Spora haioti moja kwa moja kuwa kangaga-mti. Huota kuwa mmea mwingine kabisa unaoitwa gametofiti: kipande chembamba cha kijani chenye umbo la moyo, upana wake ni milimita chache tu, na sehemu yake kubwa ina unene wa seli moja. Kimelala juu ya udongo, hakina mizizi ya kweli wala ngozi ya kuzuia maji yasipotee. Mbegu za kiume zinazotengenezwa humo hulazimika kuogelea ili zilifikie yai. Zinahitaji utando wa maji usiokatika juu ya udongo. Utando huo ukikosekana, utungisho haufanyiki. Utungisho ukifanikiwa, ndipo huchipua sporofiti, yaani kangaga-mti lenyewe, ambalo nalo huchukua miaka likiwa karibu na ardhi kabla shina halijaanza kupanda.

Ndani ya awamu hii ya kwanza ndimo hatima ya spishi huamuliwa. Mmea mzima huweza kuvumilia kiangazi cha wiki kadhaa kwa maji yaliyo katika joho lake la mizizi. Gametofiti haina akiba ya namna hiyo. Jua la mchana mmoja likipenya mahali palipokuwa na kivuli, linaweza kuukausha uzao wa msimu mzima.

4.0 Makazi ya Asili

4.1 Korongo kama chumba cha uzazi

Kangaga-mti huota hasa katika misitu ya milimani, kuanzia takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000. Ndani ya ukanda huo halisambai sawasawa. Hujikusanya kwenye makorongo yenye kivuli, kando ya vijito na chemchemi. Sababu ni nne, nazo hufanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza ni unyevu wa hewa. Kijito kinachopita chini ya miti mikubwa hutoa mvuke unaobaki korongoni kwa kuwa upepo haufiki. Ya pili ni kivuli: miti ya kingo zote mbili hukutanisha matawi juu ya maji na kuchuja mwanga. Ya tatu ni joto lisilobadilika sana kati ya usiku na mchana. Ya nne, ambayo husahaulika mara nyingi, ni udongo ulio wazi. Juu ya sakafu ya kawaida ya msitu, majani makavu hurundikana na kuifunika gametofiti. Kwenye kingo za korongo, maji na maporomoko madogo humega udongo na kuacha sehemu mbichi zisizo na majani. Hapo spora hupata pa kushika. Kwa maneno mengine, kangaga-mti huhitaji mahali penye misukosuko midogo ya ardhi chini ya utulivu mkubwa wa kivuli. Mchanganyiko huo ni adimu, na korongo la msitu ndilo huutoa.

4.2 Nyungwe na Kibira

Msitu wa Nyungwe, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa akiba mwaka 1933, ukawa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000, na mwaka 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kusini mwake, ng’ambo ya mpaka, huungana na msitu wa Kibira wa Burundi. Kwa kangaga-mti, misitu hii miwili ni msitu mmoja.

Nyungwe hukaa juu ya kigawamaji cha Kongo na Nile. Vijito vya upande wa magharibi hushuka kuelekea Ziwa Kivu na Mto Rusizi, na hatimaye maji yake huingia katika bonde la Kongo. Vijito vya mashariki, ukiwamo Rukarara, hulisha Nyabarongo, kisha Akagera, mto unaopita mpakani mwa Rwanda na Tanzania kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Victoria. Makorongo yanayolea kangaga-mti ndiyo vyanzo vya kwanza vya mito hiyo. Panapokuwa na uzao mchanga wa kangaga-mti, pana dalili kwamba kijito hakijawahi kukauka na kivuli chake hakijavunjwa kwa miaka kadhaa. Mmea huu, kwa hiyo, unaweza kusomwa kama kipimo cha chanzo cha maji.

4.3 Bwindi

Hifadhi ya Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na Urithi wa Dunia mwaka 1994. Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 330, na hupanda kutoka chini kidogo ya mita 1,200 hadi zaidi ya mita 2,600. Watu wengi huifahamu kwa sababu ya sokwe wa milimani. Ni nadra kutajwa kwamba UNESCO huitambua pia kwa kuwa na zaidi ya spishi 100 za makangaga, jambo linalotokana na msitu kupanda bila kukatika kutoka nyanda za chini hadi milimani na kuwa na makorongo mengi. Bwindi vilevile ni mahali ambapo, tangu miaka ya 1990, jamii za jirani zimeruhusiwa katika maeneo maalumu kuvuna baadhi ya mimea ya dawa na ya ususi na kuweka mizinga ya nyuki, kwa makubaliano na wasimamizi wa hifadhi. Utaratibu huo ni muhimu katika mapendekezo yatakayofuata.

5.0 Neno Moja, Mimea Miwili

Kamusi za Kiswahili hutumia neno “kangaga” kwa mimea yote ya kundi hili. Kwa mazungumzo ya kawaida hilo halina madhara. Katika waraka wa uhifadhi, lina madhara.

Mwaka 1997, wakati wa ukame, moto uliteketeza sehemu kubwa ya Nyungwe. Maeneo mengi yaliyoungua hayakurudi kuwa msitu. Yalifunikwa na kangaga jingine, Pteridium aquilinum, ambalo shina lake limejificha ardhini. Moto hupita juu yake bila kuliua, nalo huchipua kabla ya miche ya miti. Majani yake husongamana na kunyima miche mwanga. Yakikauka, huwa kuni za moto unaofuata. Uzoefu wa kufyeka kangaga hili katika maeneo hayo umeonesha kuwa miche ya miti hupata nafasi ya kuinuka.

Hivyo ndani ya msitu mmoja kuna makangaga mawili yenye maana zinazopingana. Pteridium ni alama ya moto na mwanga mkali. Cyathea manniana ni alama ya maji na kivuli. La kwanza hufyekwa ili msitu upone, na la pili likifyekwa msitu umejeruhiwa. Waraka unaosema tu kwamba “makangaga yaondolewe” unamwachia mfanyakazi mwenye panga uamuzi ambao mwandishi wa waraka hakuufanya. Hatari ni kubwa zaidi kwa mimea michanga: kangaga-mti ambalo bado halijainua shina huonekana, kwa jicho lisilozoea, kama kangaga la kawaida.

Lugha jirani zinaweza kuifaa Kiswahili hapa. Kinyarwanda kina jina mahususi la kangaga-mti, igishigishigi, na njia mojawapo ya watalii katika eneo la Uwinka, Nyungwe, imepewa jina hilo. Kiambishi chake igi- ni ndugu wa ki- ya Kiswahili, sauti k ikiwa imegeuka g kwa kanuni ya kifonolojia ijulikanayo kama Kanuni ya Dahl. Katika makala haya limetumika neno “kangaga-mti”, kwa kuwa linaeleweka papo hapo na hufuata njia ya kawaida ya kuunganisha nomino mbili. Kwa Pteridium, “kangaga-moto” linaweza kufaa, kwani hutaja tabia yake. Uamuzi wa mwisho ni wa vyombo vya usanifishaji. Lililo la lazima ni kwamba mimea hii miwili isiendelee kuitwa kwa neno moja katika nyaraka za utekelezaji.

6.0 Vitisho na Mipaka ya Sheria

6.1 Biashara

Mashina ya makangaga-mti huvunwa katika sehemu mbalimbali za dunia kwa ajili ya nguzo, vyungu vya maua na chombo cha kuoteshea okidi. Kwa sababu hiyo, jenasi ya Cyathea imewekwa katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mjini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Rwanda, Burundi, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Kiambatisho hicho hakizuii biashara. Huitaka nchi inayouza ithibitishe, kupitia mamlaka yake ya kisayansi, kwamba uvunaji hautahatarisha uhai wa spishi.

Mkataba huu una mipaka miwili. Kwanza, unahusu kuvuka mpaka. Shina lililokatwa na kuuzwa kama chungu cha okidi ndani ya nchi ileile halipiti mbele ya afisa wake yeyote. Pili, unahusu mmea uliokwisha kuvunwa, ilhali gametofiti iliyokaushwa na jua baada ya mti wa kivuli kukatwa haiuzwi wala hainunuliwi. Hufa nje ya macho ya sheria ya biashara.

6.2 Kingo za vijito

Kinga inayoikaribia zaidi awamu ya kwanza ya maisha ni ile ya kingo za mito. Nchini Uganda, kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa huweka ukanda wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mito mingine. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Vipimo hivi vina faida kubwa kwa mto wa bondeni. Kwa korongo la milimani, mita pekee hazitoshi. Ukanda wa mita 30 uliobakiwa na nyasi hutimiza kipimo, lakini hauna kivuli. Ukanda uliopandwa mikaratusi una miti, lakini miti hiyo hunywa maji mengi na kivuli chake ni chepesi. Aidha, kwenye mteremko mkali, miti inayoleta kivuli juu ya kijito yaweza kuwa imesimama mbali zaidi ya kipimo, ukingoni mwa korongo. Na vijito vidogo kabisa, ambavyo ndivyo makazi halisi ya kangaga-mti, mara nyingi havina jina kwenye ramani.

6.3 Uchimbaji, kilimo na tabianchi

Uchimbaji holela wa dhahabu katika vitanda vya vijito hupindua udongo, huchafua maji na hukata miti ya kingo. Nje ya hifadhi, mashamba ya chai yaliyoko pembeni mwa Nyungwe huweza kusaidia kuzuia uvamizi wa msitu, lakini makorongo yaliyomo ndani ya mashamba hayo hupoteza kivuli pale miti ya asili inapoondolewa. Joto likiendelea kuongezeka, mawingu yanayogusa milima yanaweza kupanda juu zaidi, na makangaga-mti yatalazimika kuyafuata. Spora zinaweza kupanda; swali ni kama huko juu zitakuta makorongo yenye kivuli.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, mambo matano yanapendekezwa. Kwanza, tathmini za hali ya kangaga-mti zihesabu mimea michanga kando na mashina marefu, kwa kuwa idadi ya mashina pekee hueleza yaliyopita. Pili, kanuni za kingo za mito katika maeneo ya milimani ziongeze kigezo cha kivuli cha miti ya asili na mteremko, pamoja na mita zilizopo, na zitaje waziwazi vijito vidogo vya vyanzo. Tatu, maelekezo ya kufyeka makangaga baada ya moto yataje spishi, na wafanyakazi waoneshwe tofauti ya mimea michanga kabla ya kazi kuanza.

Nne, pale ambapo jamii za jirani zina makubaliano ya kuvuna mimea, matumizi ya shina la kangaga-mti yahusishe mashina yaliyoanguka yenyewe. Watu wanaoingia msituni kwa ruhusa ndio huyaona makorongo mara kwa mara, hivyo wanaweza kuwa waangalizi wa kwanza wa uzao. Tano, kwa kuwa misitu ya Nyungwe na Kibira ni makazi yasiyokatika, Rwanda na Burundi zikubaliane juu ya njia moja ya kupima na istilahi moja ya kurekodi. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, kinaweza kubeba kazi hiyo endapo kitakuwa na maneno yanayotofautisha.

8.0 Hitimisho

Kangaga-mti limevuka mabadiliko makubwa ya dunia kwa kutegemea jambo dogo: utando wa maji juu ya udongo wenye kivuli. Sheria ya biashara hulilinda shina lake mpakani, na hifadhi za taifa hulilinda ndani ya mipaka yake. Kati ya kinga hizo mbili limebaki pengo, nalo liko kando ya vijito visivyo na jina, ambako uzao huanza. Kuliziba pengo hilo hakuhitaji taasisi mpya. Kunahitaji kipimo kinachojali kivuli, hesabu inayojali mimea michanga, na neno linalomwezesha mwenye panga kujua ni kangaga lipi la kufyeka na lipi la kuacha. Faida yake haiishii kwa mmea mmoja, kwa kuwa maji yanayopita miguuni mwake ndiyo yanayoshuka hadi Nyabarongo, Akagera na Ziwa Victoria.